Kuku Mweupe wa Mama Benta

Ziwani, Nairobi
Jumapili, 27 Aprili 2025

Kwa dada yangu Mbithe,

Pokea salamu kutoka hapa Ziwani. Baada ya salamu nauliza hali yako, hali ya shemeji na ya watoto. Munyao ameniambia mvua imefika huko Wote na mmekwisha kupanda, na kwamba goti lako limepoa kidogo tangu ofisi yenu ihamishiwe chini. Nimefurahi kusikia hayo. Sisi hapa tuko. Maurine hajambo, amerefuka hadi sare ya chekechea imempanda juu ya magoti. Odongo yuko kazini kwake reli kama kawaida. Mimi ningependa kuandika kwamba sijambo. Nimekuambia hivyo kwa miaka saba, lakini leo sikuambii.

Utashangaa kwa nini barua na simu iko. Simu nimepiga, dada. Kila nikifika kwenye neno lenyewe unasema mtandao ni mbaya, mara mwalimu mkuu anakuita, mara utanipigia jioni. Jioni hiyo haijafika. Nikikutumia ujumbe unausoma na kuufuta, nakujua vizuri. Ndiyo maana nimempa Munyao barua hii, kwa kuwa lori lake linarudi huko kesho, na nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka aone umeifungua. Kaa chini uisome yote. Nina hasira nawe, na tangu tuzaliwe sijawahi kukukasirikia hivi.

Nianze na tunayoyajua sisi wawili, kwa sababu hata tukiwa peke yetu tulijifunza kutoyataja. Siku ya arusi yako nilikuwa na kilo mia moja ishirini na sita. Ulimwambia mpiga picha anisogeze nyuma ya mashemeji nionekane kichwa tu. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Miezi mitatu baadaye ukaja na habari za daktari wa kliniki ya kibinafsi anayepunguza tumbo kwa kisu, akabakisha kifuko kidogo kama yai na kuunganisha utumbo kwa njia ya mkato. Sikatai kwamba nilitaka. Nilitaka sana, hata ungenizuia ningeenda. Lakini ulipokuwa ukinifunga kamba za kanzu ya hospitali uliniambia nisimwambie mtu, na hasa mwanamume atakayenijia, kwa kuwa akijua nimekatwa tumbo atasema ameuziwa mgonjwa. Nikiulizwa makovu, niseme nilitolewa mawe ya nyongo. Ndivyo nilivyomwambia Odongo, naye akaamini bila kuuliza mara ya pili.

Miaka mitatu ya kwanza ilikuwa mitamu, nisiseme uongo. Nilinunua nguo nilizokuwa nikizipita dukani kwa aibu. Nilimpata Odongo, nikampata Maurine. Kisha mwili ukaanza kudai. Nikinywa soda au chai yenye sukari nyingi, saa mbili tatu hazipiti kabla sijaanza kutetemeka na kulowa jasho, na maneno yananipotea mdomoni. Nikila tonge moja la ziada natapika. Nywele zilikatika, meno mawili ya nyuma yakang'oka. Miguu ilikufa ganzi kuanzia vidoleni. Mwaka jana nilikuwa Muthurwa kununua mboga, muuza ndizi mmoja akaniita kutoka nyuma, akisema mama, kiatu chako kimebaki. Nilikuwa nimetembea hatua kumi na kandambili moja, mguu mwingine kwenye matope, na sikujua. Nilikuambia habari hiyo kwenye simu. Ulicheka, ukaniambia ninunue viatu vya kufunga.

Na unajua ninafanya kazi wapi. Mimi ni karani wa mapokezi katika kiwanda cha biskuti. Nashinda kutwa nikinusa sukari ambayo siwezi kuila, na wafanyakazi wanaotoka Mukuru kwa Njenga kwa miguu wanasema Madam Kavinya anaringa, hata biskuti zilizovunjika hataki. Hapa mtaani nako wananitazama mifupa ya shingo na kunong'ona ugonjwa wanaoujua wao. Yote hayo niliyameza. Tumbo langu halimezi kitu kingine siku hizi.

Sasa nifike kwa mama mkwe wangu. Mama Benta alikuja kutoka Gem mwishoni mwa Machi kutolewa mtoto wa jicho. Ulimwona siku moja tu, siku ya kuleta mahari, kwa hiyo humjui. Ni mwanamke wa mila na hana mzaha nazo. Kwao mama halali katika nyumba ya mwanawe, na ingawa hii yetu ni ya kupanga na Odongo alimsihi, alikataa. Alikuwa akilala kwa mpwa wake Kaloleni, na kila asubuhi Odongo anamleta hapa, jicho moja limefunikwa kikombe cha plastiki, ashinde na Maurine na kutupikia. Daktari alimkataza moshi na kuinama, lakini ukimzuia kupika unamkosea.

Alipika ugali na samaki kama anavyompikia mwanawe. Nilikula matonge matatu, nikasema nimeshiba. Siku ya pili matonge matatu. Siku ya tatu aliniona nikimwaga yaliyobaki chooni. Mtu mwingine angedhani nina mimba. Yeye alidhani namwogopa. Alimwambia Odongo kwa Kijaluo kwamba mke wake anachungulia chakula chake kana kwamba kimetiwa kitu. Odongo, ambaye marafiki zake humtania kila siku kwamba ameoa Mkamba na atarogwa, alinieleza jambo hilo akicheka, kwamba sasa mama yake ndiye anayeshukiwa uchawi. Lakini hakuwa anacheka kwa moyo. Aliniuliza mbele ya mama yake kwa nini sili.

Nilishikwa na woga, nikatoka nje na kukupigia simu. Kosa langu la kwanza ni hilo, nalikubali. Ukaniambia nikupe huyo mzee uongee naye. Nikarudi ndani, nikaweka simu kwenye spika juu ya meza, na wewe, dada yangu, karani wa shule, mtu wa kwaya, ukamweleza Mama Benta mila ambayo hujawahi kuisikia popote. Ulimwambia kwamba katika ukoo wetu mke hashibi mbele ya mama mkwe wake, wala mama mkwe hamlishi kwa mkono wake, mpaka mke azae mtoto wa pili. Ulisema kwa sauti ile unayotumia kusoma matangazo kanisani. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikitazama kitambaa cha meza.

Dada, unafikiri mwanamke asiyekubali kulala nyumbani kwa mwanawe kwa sababu ya mila angeitilia shaka mila ya wenzake? Aliweka mkono kifuani akaomba radhi. Alisema hakuna aliyemwambia, na kwamba ameniumiza bila kujua. Tangu siku hiyo, kila chakula kikiiva, alinipakulia mimi na Odongo, akachukua sahani yake na kigoda, akaenda kula nje kando ya mfereji wanakofulia watu, na jicho lake moja. Nduta, jirani yangu, aliniuliza kama nimemfukuza mkwe mezani. Nikamjibu kwamba mzee anapenda upepo.

Haikuishia hapo. Alimweleza Maurine pia, kwa upole, ili mtoto asishangae. Siku mbili baadaye Maurine alisukuma sahani yake akasema na yeye hawezi kushiba mbele ya nyanya, kwa sababu yeye ni Mkamba wa mama. Mtoto wa miaka minne. Nilikupigia nikakuambia. Ulisema ni mambo ya watoto, nimwache atasahau.

Alhamisi ya kuelekea Pasaka kiwanda kilifungwa mapema na tukakatiwa keki. Mkubwa wetu alinipa kipande mkononi mbele ya watu wote na soda juu yake, wakapiga makofi ati leo Madam anakula. Nikala. Ilikuwa kama saa tano. Saa saba nilikuwa nyumbani, mvua inanyesha sana. Mama Benta alikuwa amepika, na kwa kuwa nje hapakaliki, alikula ndani pamoja nami, amegeukia ukuta ili asinitazame. Nilikula kidogo. Haikufika saa nane, nikaanza kuona giza. Nakumbuka jasho, nakumbuka nikijaribu kutamka sukari na ulimi haunyanyuki. Kisha nikaanguka chini kati ya meza na kitanda.

Yaliyofuata niliambiwa na Mama Benta mwenyewe na yule aliyekuja kunibeba. Kulikuwa na uji wa Maurine mezani, wa wimbi, umetiwa sukari. Macho yangu yalikuwa wazi na midomo inacheza. Mama Benta alipiga magoti, akachukua kikombe, akakileta hadi mdomoni pangu. Halafu akakumbuka maneno yako. Akakirudisha mezani. Alitoka mvuani akiita watu, naye njia haioni vizuri, na siku hiyo Nduta alikuwa bado sokoni. Alienda mpaka langoni akamkuta Ngigi, fundi wa viatu. Ngigi ndiye aliyekuja akanilisha uji kijiko kwa kijiko hadi nikapata nguvu ya kuketi, kisha akanibeba hadi kwenye teksi. Wanasema ilipita karibu nusu saa. Nusu saa, Mbithe, na dawa yangu iko mezani karibu na mikono miwili mizima ya mtu anayenipenda.

Hospitali nilikaa hadi Jumamosi. Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko binamu yetu Kamene, lakini ana akili. Alimuuliza Odongo kama nimewahi kupasuliwa tumbo, naye akajibu kwa ujasiri kwamba ni mawe ya nyongo. Daktari alinitazama, akamtuma Odongo dukani kununua maji, akafunga pazia. Nikamweleza. Alisema sukari yangu huruka na kuporomoka kwa sababu chakula kinapita mbio mno, kwamba damu yangu ni chache sana, na kwamba mishipa ya miguu imekosa vitamini kwa miaka mingi. Nitachomwa sindano maisha yangu yote. Nilimuuliza kama miguu itarudi kuhisi. Alisema itarudi kiasi, au haitarudi, na kwamba ningekuja mapema angenijibu vizuri zaidi.

Sikumwambia Odongo hata hapo. Alirudi na maji, nikayanywa. Nilisema nitakuuliza wewe kwanza. Unaona nilivyokuwa.

Jumamosi tukarudi nyumbani. Nilipofungua mlango nilikuta kuku mweupe amefungwa kwenye mguu wa meza. Mama Benta alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitambaa kichwani, amevaa vizuri kama mtu anayekwenda msibani. Akaniambia kwamba yeye ndiye aliyeniangusha. Alikula ndani siku ile ya mvua, alivunja mwiko wetu, na saa haikupita nikaanguka. Ijumaa nzima hakula. Alimwomba mpwa wake akupigie simu, kisha yeye mwenyewe akakuuliza Wakamba husafishaje kosa kama hilo. Na wewe, Mbithe, wewe ukamwambia alete kuku mweupe.

Ulikuwa unajua niko hospitali. Ulikuwa unajua kwa nini. Mzee wa miaka sabini na moja anakuuliza kwa machozi kama amemwua mke wa mwanawe, na badala ya kumtua mzigo ukamwongezea kuku. Alienda kumtafuta mwenyewe soko la Burma, Ijumaa Kuu, na jicho lake lililoshonwa, kwa sababu ulisema asiwe na doa. Nimejaribu kukutafutia sababu wiki nzima, nimeikosa. Najua utasema ulikuwa unanilinda. Ulikuwa unajilinda wewe na uongo wako usionekane. Nimekasirika hadi mikono inatetemeka, na leo sukari yangu iko sawa, nimepima.

Niliangalia yule kuku, nikaketi sakafuni palepale nilipoanguka, nikawaambia wote wawili. Niliinua blauzi nikawaonyesha makovu, nikasema si nyongo. Nikaeleza kilo, kliniki, kanzu, maneno yako, yote. Nilisema hakuna mila. Kwetu watu hula pamoja mpaka sufuria inakwanguliwa, na marehemu mama angetuchapa sote wawili kwa kusema vingine.

Odongo alichukua koti akatoka. Alirudi magharibi. Alisema kukatwa hakumsumbui, mwili ni wangu. Alisema kinachomsumbua ni kwamba alimjibu daktari kwa sauti kubwa, mbele ya wauguzi, jambo ambalo kila mtu pale alijua si kweli isipokuwa yeye. Tangu hapo hanisemeshi sana. Lakini Jumatano alinipeleka kuchomwa sindano, akakaa kwenye benchi hadi nikamaliza. Sijui tutafika wapi.

Mama Benta yeye aliuliza swali moja tu. Aliuliza kama angeninywesha ule uji, ningeamka. Nikamwambia ndiyo. Alitazama mikono yake, akaifuta kwenye leso kana kwamba ina kitu, akaenda kumfungua kuku mguu. Dada, nitakufa nikiikumbuka ile mikono.

Sasa kuna jambo ambalo hata wewe hulijui, na nisipoliandika nitakuwa nimekuonea. Daktari wa kliniki ile alinieleza vizuri. Vitamini kila siku maisha yote, na kupimwa damu kila mwaka. Nilitia sahihi. Wewe ulikuwa nje wakati ule. Nilizimeza mwaka mmoja. Wiki niliyohamia hapa kwa Odongo nilizitupa kwenye pipa la kazini, kwa sababu chupa zilikuwa na jina la kliniki, na chumba ni kimoja, ningezificha wapi. Kliniki ilinipigia mara nne nikasema wamekosea namba. Miguu yangu si wewe uliyeiua. Niliiua mimi, taratibu, kwa kuogopa mume asiyekuwa na ukali wowote. Hili nimemwambia Odongo, na nimemwambia Mama Benta. Mbele ya wote wawili nililia mpaka Maurine akaniletea kikombe chake. Hasira niliyo nayo kwako nusu yake ni yangu mwenyewe, lakini nusu iliyobaki ni yako halali, na siiondoi hata punje.

Kwa hiyo sikiliza. Mama Benta alikuwa arudi Gem jana. Hakurudi. Amesema hatoki Nairobi mpaka dada yake Kavinya aje. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lingekutisha kama ungemjua. Anataka ukae kwenye meza hii, umwambie kwa mdomo wako, bila spika, kwamba ulidanganya. Anataka umwambie na Maurine, kwa sababu sisi tukimwambia bado anatuuliza kama mama mkubwa naye amesema hivyo. Mtoto bado anaacha nusu ya chakula chake, dada. Njoo Jumamosi ijayo na Munyao. Usije na sababu zako. Njoo na kuku, na asiwe na doa.

Mama Benta amesema siku hiyo atapika samaki, atanilisha matonge matatu kwa mkono wake wewe ukitazama, na baada ya hapo wewe utakula mpaka ushibe, mbele yake. Hatachukua kigoda. Kigoda chake nimekiweka mimi kando ya mfereji, na kitakungoja huko ukija na uongo mwingine.

Msalimie shemeji, mwambie asante kwa mbaazi. Wasalimie watoto, na mama wa kwaya wote wanaoniulizia. Odongo anakusalimu, ingawa hakusema. Mama Benta hakutuma salamu, amesema mtasalimiana hapa.

Yule kuku mweupe bado yuko nasi, anatembea humu ndani na kulala chini ya kitanda. Maurine amekataa achinjwe. Amempa jina, anamwita Mbithe, na kila tukila anamwekea chake chini ya meza na kumwambia ale ashibe, hapa hakuna mwiko.

Ni mimi mdogo wako,
Kavinya